Dawa hii imelimwa wapi? Namna ya kufuatilia asili ya mitishamba kwa vipimo vya kemia

Gunia la tangawizi kavu limeletwa maabara. Karatasi zake zinasema ililimwa kwenye miteremko ya volkano, mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mnunuzi hajaridhika. Anahisi ni ya tambarare ya pwani, ikapewa karatasi za mlimani kwa sababu ya mlimani inagombewa na watengeneza dawa. Ukiinusa ni tangawizi, ukiitafuna ni tangawizi. Linalotafutwa ni ilikunywa maji ya wapi, na mizizi yake ilishika udongo wa wapi.

Swali hilo linajibika, ila si kwa namna watu wengi wanavyodhani. Hakuna mashine utakayoilisha unga wa mmea ikakutemea jina la mahali. Mashine hutoa namba, na namba ni bubu mpaka uwe na namba za mimea mingine ambayo una hakika ilikotoka. Ndiyo maana hapa chini nitakaa sana kwenye kukusanya na kutayarisha sampuli, na mashine zenyewe nitazipitia haraka. Mpaka unga unaingia kwenye mashine, mengi yameshaamuliwa.

1. Andika swali kabla hujagusa gunia

"Imetoka wapi?" ni swali pana mno. Swali linalopimika lina pande: je, tangawizi hii inalingana na ya miteremko ile iliyotajwa, au na ya pwani ile inayoshukiwa? Ukiliuliza hivyo, linakuonyesha pia upime nini. Mwamba wa volkano changa na chokaa ya baharini hutofautiana kwa strontiamu, metali inayofanana na kalsiamu ambayo mmea huinyonya udongoni. Mlima na pwani hutofautiana kwa maji ya mvua. Karibu na bahari kuna salfa inayoletwa na upepo wa chumvi.

Kama maeneo mawili yanayoshindaniwa yako bonde moja, mwamba mmoja, mvua moja, mwambie mteja mapema kwamba vipimo hivi havitayatenganisha. Atanung'unika leo, lakini hatakulaumu baada ya miezi sita.

2. Hakikisha ni mmea uleule

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakinywa dawa za kupunguza uzito walianza kuharibika figo. Ilikuja kubainika kwamba mahali pa mzizi wa *Stephania tetrandra* palikuwa pameingia mzizi wa *Aristolochia fangchi*, wenye asidi ya aristolokiki, sumu ya figo. Majina ya mimea hiyo katika biashara ya Kichina yanakaribiana. Vipimo vya isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti, visingeliona kosa hilo, kwa sababu mimea miwili iliyoota bega kwa bega hunywa maji yaleyale.

Kwa hiyo tangulia na hadubini, vinasaba, au alama za kemia za spishi. Ginseng ya Kiasia ina ginsenosaidi Rf, ya Kimarekani haina; hiyo ya Kimarekani ina pseudoginsenosaidi F11. Lakini usije ukachanganya mambo: alama hizo zinataja spishi, hazitaji mahali. Ginseng ya Kimarekani inalimwa Wisconsin na Ontario, na inalimwa China pia. Kuitenganisha ya Wisconsin na ya China ndiko kunakohitaji hatua zinazofuata.

3. Kusanya sampuli rejea

Sampuli rejea ni ile uliyoing'oa mwenyewe, au iliyong'olewa na mtu unayemwamini, mahali palipoandikwa kwa GPS. Ya sokoni si rejea, hata muuzaji aape. Nimeona kazi safi za maabara zikianguka kwa sababu nusu ya rejea zilinunuliwa kwa wachuuzi. Hapo unapima dawa usiyojua asili yake kwa kutumia dawa nyingine usiyojua asili yake.

Katika kila eneo pita mashamba kadhaa. Kuchimba shamba moja mara kumi hakukupi sampuli kumi. Mimi sianzi hesabu nikiwa na chini ya sampuli kumi kwa eneo, kutoka mashamba yasiyopungua matano, na nataka misimu miwili. Mwaka wa ukame husogeza kaboni na oksijeni kiasi cha kukufanya udhani mmea umehama nchi. Kila sampuli iwe mchanganyiko wa mimea mitano au sita ya shamba hilo.

Chukua sehemu ileile inayouzwa: mzizi kwa mzizi, gome kwa gome. Jani hupoteza maji mchana kutwa, na molekuli nyepesi za maji ndizo zinazotangulia kupaa, hivyo maji yanayobaki ndani ya jani huwa mazito kuliko yale ya mzizi wa mmea huohuo. Ukilinganisha majani ya huku na mizizi ya kule, tofauti utakayoipata ni ya viungo vya mmea.

Beba pia udongo wa sentimita 20 za juu na chupa ya maji ya kumwagilia, uijaze pomoni na kuifunga pasipo hewa. Kisha toa daftari umuulize mkulima. Mbolea ni ya chumvichumvi au ya samadi? Amewahi kumwaga chokaa shambani? Maji ni ya mvua, ya mto au ya kisima kirefu? Baada ya kuvuna anaitibu vipi? Maswali haya yanaonekana ya mazungumzo tu, lakini jibu moja la chokaa linaweza kubatilisha kipimo kizima cha strontiamu, kama utakavyoona.

Vibali navyo. Nchi nyingi zina masharti yaliyotokana na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu kuchukua mimea na viumbe vya nchi nyingine na kugawana faida zake, ulioanza kutumika mwaka 2014, na mimea mingine ina ulinzi wake: *Prunus africana*, ambao magome yake hutengenezewa dawa ya tezi dume, imo tangu 1995 kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Uliza kabla ya kufunga mfuko.

4. Safisha, kausha, saga

Hapa ndipo sampuli nyingi hufia.

Vumbi kwanza. Mimea hunyonya kiasi kidogo sana cha alumini, titaniamu na madini adimu ya ardhi, ilhali udongo umejaa vitu hivyo. Punje chache za udongo zilizojificha kwenye makunyanzi ya mzizi zinatosha kuficha kile ambacho mmea wenyewe ulinyonya. Osha kwa maji ya maabara yaliyoondolewa ioni, mara tatu, kwa brashi laini. Maji ya bomba yana strontiamu na kalsiamu yake. Menya mizizi kwa kisu cha seramiki, na maganda uyahifadhi kando usiyatupe. Baadaye, ukipima madini, titaniamu ikiwa juu isivyo kawaida ujue unapima udongo.

Halafu uliza dawa imepitia nini kabla ya kukufikia. Tangawizi kavu wakati mwingine huchovywa kwenye maji ya chokaa ili iwe nyeupe. Mitishamba mingi hufukizwa kwa moshi wa salfa isiingie wadudu wala kubadilika rangi. Mingine hulowekwa kwenye maji ya chumvi. Chokaa huvuruga strontiamu, moshi huvuruga salfa, chumvi inaweza kuvuruga vyote viwili. Sampuli rejea ziwe zimepita njia ileile, au uepuke kipimo kilichochafuliwa.

Kausha kwa nyuzi joto 40 hadi 60, au kwa kugandisha na kuvuta maji, ambako ni bora kama utapima mafuta yenye harufu. Joto kali hufukuza viambato hivyo kabla hujavipima.

Kusaga nako kuna mitego. Miaka ya nyuma nilipata matokeo ya kupendeza kupita kiasi: makundi mawili ya mizizi yalitengana kama yamekatwa kwa wembe, na vilivyoyatenganisha ni kromiamu na nikeli. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu mwenzangu akaniuliza kila kundi lilisagwa kwa nini. Moja lilipita kwenye kinu cha chuma cha pua, jingine kwenye kinu cha akiki. Nilikuwa nimetofautisha vinu. Tangu siku hiyo nasaga kwa akiki au zirkonia, sampuli zote kwa kinu kimoja, na mpangilio naupiga kura ili za mlimani zisisagwe zote asubuhi na za pwani zote jioni.

Unga uwe laini kama poda. Unapopima miligramu moja tu, chembe kubwa moja ni sehemu kubwa ya sampuli yako.

5. Pima isotopu nyepesi

Kaboni, naitrojeni, oksijeni, haidrojeni na salfa kila moja ina atomu za uzito tofauti. Spektrometa ya uwiano wa isotopu hulinganisha nzito na nyepesi, na jibu huandikwa kama delta, yaani tofauti na kiwango cha kimataifa kwa kila elfu. Kiwango cha kaboni huitwa VPDB, cha oksijeni na haidrojeni ya maji huitwa VSMOW.

Kwa mikono kazi yenyewe iko hivi. Kwa kaboni unapima kama miligramu moja ya unga ndani ya kikombe kidogo cha bati, kwa naitrojeni miligramu kadhaa. Unakikunja kwa koleo mbili ndogo mpaka kiwe kijidonge kisicho na pembe, ukiminya hewa yote itoke, maana hewa iliyonaswa imejaa naitrojeni na itajipenyeza kwenye jibu lako. Kidondoshe juu ya karatasi nyeupe: ukiona punje ya unga, kimetoboka, anza upya. Kwa oksijeni na haidrojeni tumia vikombe vya fedha, na joto la tanuri liwe kama nyuzi 1,400.

Sasa kila moja inasema nini.

Kaboni hueleza aina ya mmea kuliko mahali. Mimea mingi ya dawa huwa karibu na −27, ilhali mahindi, miwa na mchaichai huwa kati ya −10 na −14 hivi. Faida yake kubwa ni kufichua unga uliochakachuliwa. Tangawizi ya −27 ikichanganywa na wanga wa mahindi wa −11 kiasi kwamba moja ya tano ya kaboni yote ni ya mahindi, kipimo kitapanda hadi −23.8. Kwa mahali, kaboni husaidia kidogo tu kuonyesha ukame. Usiilinganishe na vielelezo vya mimea vya karne iliyopita bila kurekebisha, kwa sababu moshi wa makaa na mafuta umeishusha kaboni ya hewani yenyewe.

Naitrojeni ni hadithi ya mbolea. Ya kiwandani iko karibu na sifuri, samadi iko juu zaidi. Inatenganisha namna ya kulima, mahali kwa nadra.

Oksijeni na haidrojeni ndizo zinazobeba jiografia. Mawingu yakipanda mlima au yakiingia bara, maji mazito hunyesha kwanza, na mvua ya mbele inazidi kuwa nyepesi. Kwa kila mita 100 za kupanda, oksijeni ya mvua hushuka kwa takriban 0.15 hadi 0.5 kwa elfu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, kwa kushirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, limekuwa likikusanya vipimo vya mvua duniani tangu miaka ya 1960, na data hizo ni za bure. Zitazame kabla hujapanga safari, ujue kama tofauti unayoitafuta ipo. Lakini usichukue delta ya mvua ukaiweka mezani na delta ya mzizi. Selulosi, yaani nyuzinyuzi za mmea, huwa na oksijeni nzito kuliko maji iliyoundwa kwayo kwa kama 27 kwa elfu. Linganisha mzizi na mzizi.

Haidrojeni ina ukorofi wake. Sehemu ya atomu zake hubadilishana na unyevu wa hewa ya maabara, kwa hiyo sampuli na viwango vyako vikae pamoja kwenye hewa ileile kwa siku kadhaa kabla ya kupimwa, ama utakuwa umepima hali ya hewa ya wiki hiyo.

Salfa ya bahari iko kama +21, na ukungu wa chumvi huipeleka kwenye udongo wa pwani. Kipimo kizuri sana, mradi dawa haikufukizwa. Pima na kiasi cha salfa: kikizidi kawaida ya mmea huo, achana nacho.

6. Pima strontiamu na madini

Strontiamu ndiyo naiamini zaidi. Rubidiamu-87 iliyomo kwenye miamba hugeuka strontiamu-87 polepole mno. Nusu yake humalizika baada ya miaka kama bilioni 49. Kinachopimwa ni uwiano wa strontiamu-87 kwa strontiamu-86. Kwa hiyo granaiti kuukuu yenye rubidiamu nyingi hupita 0.710, mara nyingi mbali sana, volkano changa ya basalti hukaa karibu na 0.703 hadi 0.705, na maji ya bahari ya leo ni 0.7092. Mmea hunyonya uwiano huo kutoka kwenye udongo bila kuubadilisha kiasi cha maana. Ukame hauusumbui, msimu hauusumbui.

Yeyusha kama nusu gramu ya unga kwa asidi ya naitriki safi kwenye vyombo vilivyofungwa ndani ya maikrowevu. Sehemu moja ya kimiminika itumie kwa ICP-MS, mashine inayohesabu atomu za kila elementi kwa uzito wake, kupima madini: rubidiamu, strontiamu, bariamu, sesiamu, manganisi. Sehemu nyingine ipitishe kwenye safu ya resini inayoshika strontiamu na kuiacha rubidiamu ipite. Usiiruke hatua hii. Rubidiamu-87 na strontiamu-87 zina uzito mmoja, na mashine haitajua ipi ni ipi. Kisha pima uwiano mpaka desimali ya tano. Kila baada ya sampuli chache weka NIST SRM 987, kiwango cha strontiamu cha taasisi ya vipimo ya Marekani, ambacho kinapaswa kusoma karibu na 0.71025, kikianza kuteleza, simamisha kazi. Weka pia chupa tupu iliyopitia hatua zote bila unga, na majani rejea kama NIST 1515 ya tofaa, ili ujue uyeyushaji ulikamilika.

7. Kemia ya mmea wenyewe

Kromatografia ya kimiminika au ya gesi hukupa alama za viambato: uchungu, ukali, harufu. Ni rahisi kuliko isotopu na maabara nyingi zinazo, ndiyo maana watu huikimbilia. Mimi huiweka ya mwisho. Kusini mwa Ufaransa, kwenye bonde la Saint-Martin-de-Londres, thaimu ya spishi moja, *Thymus vulgaris*, ina aina sita za kemia: nyingine zimejaa timoli, nyingine linaloli, nyingine jeranioli. Zinapakana, na kinachoziamua ni vinasaba. Kwa hiyo ukihamisha miche, harufu huhama nayo. Viambato hukueleza mbegu, umri wa kuvuna na muda wa kukaa ghalani, na mahali kidogo. Vitumie kama ushahidi wa pembeni.

8. Hesabu

Chora kwanza. Weka strontiamu upande mmoja na oksijeni upande mwingine, tia nukta za sampuli rejea, halafu sampuli yenye utata. Mara nyingi mchoro huo unatosha.

Ukiwa na vipimo 20 au 30, tumia uchambuzi wa vijenzi vikuu kuona makundi yanajitokeza yenyewe, kisha mbinu ya kuainisha. Ila ukiipa kompyuta vipimo 30 na sampuli 24, itatenganisha chochote, hata vinu. Dawa yake ni kutenga sampuli za msimu mmoja mzima, au mashamba mazima, ambazo mfumo haujaziona, na kuujaribu kwazo. Kutenga sampuli moja moja huku ndugu zake wa shamba hilohilo wamebaki ndani ni kujidanganya. Na mfumo wako uruhusiwe kusema "si huku wala kule." Mifumo mingi hulazimisha kuchagua, na mzigo kutoka eneo la tatu utapewa jina la mojawapo ya mawili.

9. Rudi kwenye gunia

Tuseme rejea za mlimani zimesoma strontiamu kati ya 0.7042 na 0.7055, za pwani kati ya 0.7085 na 0.7091. Gunia limesoma 0.7087. Ungesema kesi imekwisha, lakini sivyo. Mkulima wa mlimani aliyemwaga chokaa ya baharini shambani anaweza kuvuna tangawizi yenye namba hiyohiyo kwa haki kabisa. Na tangawizi iliyochovywa kwenye chokaa vilevile.

Hapo ndipo maganda uliyohifadhi yanapopata kazi. Pima ganda na kiini kando kando. Kalsiamu ya ganda ikiwa juu mno kuliko ya kiini, ilichovywa. Kwetu zinakaribiana, basi kuchovywa tunakuweka kando. Chokaa ya shambani bado imesimama, kwa hiyo tunageukia vipimo ambavyo chokaa haivigusi. Oksijeni ya gunia ni 27. Ya mlimani 22 hadi 24, ya pwani 26 hadi 28. Mkulima hawezi kumwaga chokaa ikapandisha oksijeni ya mvua. Salfa ni +17, kiasi chake cha kawaida, hivyo haikufukizwa; mlimani hatukupata zaidi ya +8.

Ripoti iandikwe hivi: "Sampuli hailingani na sampuli rejea za miteremko iliyotajwa kwa strontiamu, oksijeni wala salfa. Inalingana na sampuli rejea za pwani zilizolinganishwa nayo." Usiandike "imetoka pwani fulani." Pwani nyingine yenye chokaa na mvua kama hiyo ingetoa namba zilezile, na wakili wa muuzaji atakuwa analijua hilo. Ambatisha idadi ya rejea, misimu yake, na makosa ya kipimo kwa kila namba.

Na kabla hujalirudisha gunia, toa gramu 50 za vipande vizima, visivyosagwa, uvifunge kwenye mfuko, uweke lakiri na tarehe. Hizo ni za maabara ya pili, itakayochaguliwa na upande utakaobisha.